Richard Kandt: Kamera iliyofika Kivu kabla ya mpaka

Mfanyabiashara wa Nzahaha anayepeleka bidhaa Kamanyola au Bukavu anaujua mpaka wa Rusizi kwa miguu yake: daraja, foleni, kitambulisho, afisa wa forodha, kisha ng'ambo. Ni rahisi kudhani kwamba mto huo ulikuwa mpaka tangu zamani. Sivyo. Mwaka 1898, wakati daktari mmoja wa Kijerumani alipoingia Rwanda akiongoza msafara wa wapagazi, mpaka pekee uliokuwapo ulikuwa mstari ulionyooka, uliochorwa Ulaya mwaka 1885 na watu ambao hawakuwahi kuliona Ziwa Kivu. Daktari huyo, Richard Kandt, aliishi kando ya ziwa hilo, akalizunguka, akalipima na kulichora. Alikuwa pia na kamera.

Leo jina lake limebaki hasa kwenye nyumba moja ya Kigali, ambayo sasa ni makumbusho. Lakini maisha yake yana jambo linalomhusu kila anayepita mpakani: namna picha na karatasi zinavyoweza kuishi kuliko kitu chenyewe, na namna zinavyoweza kumdanganya anayeziamini upesi.

Kutoka Posen hadi Bagamoyo

Kandt alizaliwa tarehe 17 Desemba 1867 mjini Posen, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Prussia na sasa ni Poznań nchini Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kantorowicz. Akiwa kijana alibadili dini akawa Mprotestanti, na baadaye akabadili na jina. Alisomea udaktari, kisha akafanya kazi ya kutibu wagonjwa wa akili katika hospitali ya Bayreuth, kusini mwa Ujerumani.

Kazi hiyo haikumtosha. Swali lililowasumbua wasomi wa Ulaya kwa muda mrefu lilikuwa moja: mto Nile unaanzia wapi hasa? Speke alikwisha kuonyesha kwamba Nile hutoka Ziwa Victoria, lakini ziwa lenyewe hupokea maji ya mito mingine, na mkubwa kati ya hiyo ni Akagera. Kandt aliona kuwa atakayefuata Akagera na matawi yake hadi mwisho ndiye atakayefika kwenye chanzo. Mwaka 1897 alikuwa tayari Afrika Mashariki. Alipita njia ile ile ya misafara ya biashara, kutoka pwani hadi Tabora, na mwaka 1898 akaelekea Rwanda.

Wapagazi wengi wa misafara ya zama hizo walikuwa Wanyamwezi, na lugha ya njia ilikuwa Kiswahili. Kiswahili ndicho kilichokuwa kikitumika kuajiri watu, kugawa posho, kununua vyakula na kusuluhisha ugomvi. Daktari wa Posen asingeweza kufika mbali bila lugha hiyo, kama vile leo mtu anayetoka Kamembe kwenda kununua bidhaa Uvira au Kigoma asivyoweza kufika mbali bila hiyo.

Kwa nini majengo yalitangulia

Kamera ilikuwa na miaka 60 hivi Kandt alipoianza safari yake. Njia ya Daguerre ilitangazwa Paris mwaka 1839. Kamera za mwanzo zilihitaji mwanga mwingi na muda mrefu, wakati mwingine dakika kadhaa kwa picha moja. Mtu aliyetikisika alitoka kama moshi, na gari lililopita halikuonekana kabisa. Ndiyo maana wapiga picha wa mwanzo walipenda makanisa, kasri, magofu na sanamu za viwanjani. Jiwe na shaba havichoki kusimama.

Serikali nazo zikaona faida. Mwaka 1851 Ufaransa iliwatuma wapiga picha watano kuzunguka nchi na kupiga picha za majengo ya kale, ili ijulikane yapi yanahitaji kukarabatiwa. Hiyo ilikuwa moja ya kazi za kwanza za aina yake duniani. Miaka 9 baadaye kamera ilikuwa imefika Unguja: mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyekuwa njiani kwenda bara pamoja na Speke, alipiga picha za mji huo. Zanzibar ilikuwa na nyumba za mawe, ngome na misikiti, vitu vinavyofaa kwa kamera ya siku zile.

Kufikia miaka ya 1890 vifaa vilikuwa vimeboreka. Vioo vya kupigia picha viliuzwa vikiwa tayari vimepakwa dawa, na mpiga picha hakulazimika kuvisafisha papo hapo kama zamani. Hata hivyo vilikuwa vioo. Vilikuwa vizito, vilivunjika, na unyevu uliviharibu. Kila sanduku lilibebwa kichwani au begani na mtu, kupanda na kushuka vilima. Picha yoyote iliyotoka Rwanda wakati ule iliwahi kuwa mzigo wa mpagazi, ingawa jina la mpagazi huyo haliandikwi chini yake.

Ndani ya Rwanda, mpiga picha aliyezoea mawe alikutana na ujenzi wa aina nyingine. Ikulu ya Mwami ilikuwa mkusanyiko wa nyumba kubwa za mviringo zilizojengwa kwa miti, matete na nyasi zilizosukwa kwa ustadi mkubwa, zikizungukwa na ua baada ya ua. Wala haikuwa moja tu. Mwami alihama, na makao mapya yakajengwa kilimani pengine. Sanamu za wafalme hazikuwapo. Alama ya enzi ilikuwa ngoma, na iliyo kuu kati yake iliitwa Kalinga. Jengo la namna hiyo halikuachi gofu. Likiachwa, mvua na mchwa humaliza kazi katika miaka michache.

Mwami wa kuazima

Kandt alifika kwenye ikulu katikati ya mwaka 1898. Ilikuwa saa mbaya ya siasa. Mwami Rwabugiri alikuwa amefariki mwaka 1895, na mrithi wake Rutarindwa alipinduliwa mwishoni mwa 1896 katika mapambano ya Rucunshu. Aliyewekwa kwenye kiti ni Yuhi Musinga, kijana aliyekuwa bado katika umri wa kubalehe, huku madaraka yakiwa mikononi mwa mama yake Kanjogera na mjomba wake Kabare.

Wakuu hao hawakuwa tayari kumwonyesha mgeni mtawala wao. Mwaka 1897 Kapteni Ramsay, Mjerumani aliyetangulia, alikuwa ameletewa mtu mzima aliyeitwa Mpamarugamba, akaambiwa kuwa ndiye Mwami. Kandt naye alipofika aliletewa huyo huyo. Alikaa naye na kupeana naye zawadi, lakini umri wa mtu yule haukulingana na habari za mfalme kijana alizokuwa amezisikia, naye akaingiwa na shaka. Hata mapadri waliofika Nyanza mwanzoni mwa 1900 kuomba mahali pa kujenga misheni walipokelewa na Mpamarugamba.

Tukio hilo linasema mengi kuhusu picha zote za zama zile. Mgeni alikuja na kamera, daftari na kipimo, akiamini kuwa alichokiona ndicho kilichopo. Wenyeji nao walikuwa na uamuzi wao kuhusu kipi kionekane. Kamera haina uwezo wa kuuliza. Hupokea inachowekewa mbele. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuonyeshwa gunia moja zuri la juu, kisha akafungua mengine nyumbani, anaielewa shida ya Kandt bila kuelezwa.

Kutoka ikulu aliendelea kufuata maji. Alipanda mto Nyabarongo, kisha Mwogo, kisha Rukarara, hadi ndani ya msitu wa Nyungwe. Mwezi Agosti 1898 alifika mahali ambapo Rukarara huanza kama chemchemi ndogo, akatangaza kwamba hapo ndipo chanzo cha Nile. Kwa wakazi wa Rusizi jambo hili lina maana ya pekee. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa mgongo wa Nyungwe huenda Nile na kuishia Misri. Ile inayonyesha upande wa magharibi hushuka Rusizi, hufika Tanganyika, na mwisho huingia mto Kongo na bahari ya Atlantiki.

Hakuwa wa mwisho kudai chanzo hicho. Mwaka 1938 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alisimamisha piramidi ndogo ya mawe huko Rutovu, kusini mwa Burundi, kuonyesha chanzo cha Nile kilicho kusini zaidi. Piramidi hiyo bado ipo na wageni hupiga picha mbele yake.

Shangi, makao ya kando ya ziwa

Mwaka 1899 Kandt aliweka makao Shangi, kwenye kingo za kusini za Ziwa Kivu. Leo Shangi iko wilaya ya Nyamasheke, jirani na Rusizi, katika eneo lililokuwa likijulikana kama Cyangugu. Alipaita kwa Kijerumani jina lenye maana ya amani ya mlimani.

Amani yenyewe ilikuwa changa. Mwaka 1896 askari wa Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, walikuwa wamepiga kambi Shangi, na jeshi la Rwanda lililokwenda kuwafukuza lilishindwa vibaya kwa bunduki zao. Waliondoka kwa sababu askari wao wenyewe wa Kongo waliasi, na Wajerumani wakaingia kwenye pengo hilo. Mwaka 1899 maafisa wa pande mbili, Hecq na Bethe, waliafikiana kwa muda: kila upande ubaki na vituo vyake hadi wakubwa wa Ulaya waamue.

Katika hali hiyo, ramani ilikuwa silaha. Mstari wa 1885 uliliacha Ziwa Kivu lote upande wa Kongo, pamoja na sehemu ya magharibi ya ufalme wa Rwanda. Wajerumani walitaka mpaka ufuate ziwa na mto. Kandt, akiwa Shangi kwa gharama zake na kwa hamu yake ya elimu, alilizunguka Ziwa Kivu, akalipima na kulichora pamoja na visiwa vyake. Alikusanya pia mimea na wanyama akavituma Berlin. Kima wa dhahabu anayeishi kwenye milima ya Virunga ana jina la Kandt katika orodha ya kisayansi mpaka leo.

Uamuzi ulipatikana Brussels mwaka 1910. Mpaka ukapitishwa katika mto Rusizi na katikati ya Ziwa Kivu. Kisiwa cha Idjwi kikabaki upande wa Kongo, ingawa wafalme wa Rwanda walikuwa wamekipigania na kukitawala. Watu wa pande mbili za mto, waliokuwa wakioana, wakibadilishana mifugo, chumvi na majembe, wakajikuta raia wa serikali mbili tofauti. Hawakuitwa kwenye mazungumzo yale.

Karibu na Nzahaha mabadiliko mengine yalikuwa yameanza. Desemba 1903 mapadri wa White Fathers walifungua misheni ya Mibirizi, na mwaka uliofuata kahawa ikapandwa hapo, ikihesabiwa kuwa ya kwanza Rwanda. Mbegu hiyo inaitwa Mibirizi hadi sasa, na zao lenyewe likaja kuwa moja ya bidhaa kuu za nchi sokoni.

Kitabu na mji mpya

Mwaka 1904 Kandt alichapisha Ujerumani kitabu cha safari zake, Caput Nili, yaani kichwa cha Nile, kikiwa na picha zilizopigwa safarini. Kilisomwa sana. Kwa Wajerumani wengi, Rwanda ilikuwa mara ya kwanza kuwa nchi yenye sura: vilima, ng'ombe wenye pembe ndefu, nyumba za nyasi, watu wenye heshima zao. Kitabu pia kilibeba mawazo ya wakati wake kuhusu makabila na nani alizaliwa kutawala. Mawazo hayo, yakirudiwa na watawala waliofuata, yaliiletea Rwanda madhara ambayo mwandishi hakuishi kuyaona.

Mwaka 1907 alirudishwa Rwanda kwa cheo kipya. Serikali ilimteua kuwa Residenti, mwakilishi wa utawala wa Kijerumani kando ya Mwami Musinga, na hivyo utawala wa kijeshi ukapisha wa kiraia. Badala ya kukaa Nyanza karibu na ikulu, alichagua kilima cha Nyarugenge, katikati ya nchi, mahali ambapo njia za misafara zingeweza kukutana. Hapo ndipo mji wa Kigali ulipoanzia. Alijenga nyumba na ofisi, na punde wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiswahili wakafungua maduka. Ngozi za ng'ombe zilitoka, vitambaa na chumvi vikaingia. Wanyarwanda walimwita Kanayoge.

Mwaka huo huo wa 1907 ulileta kamera nyingi zaidi. Msafara wa Adolf Friedrich, mwana wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg, ulipokelewa na Musinga Nyanza ukiwa na wataalamu wa fani mbalimbali, miongoni mwao Jan Czekanowski, mtaalamu wa Kipoland. Picha za msafara huo ndizo zilizozunguka dunia: vijana wakiruka juu kuliko vichwa vya watu waliosimama, umati wa watumishi, nyua na mapaa ya ikulu. Safari hii aliyesimama mbele ya kamera alikuwa Musinga mwenyewe.

Utawala wa Kandt unasifiwa kwa kutotumia askari wengi, lakini haukuwa wa upole kwa wote. Uliimarisha ikulu dhidi ya maeneo yaliyokuwa yakijitawala, hasa kaskazini. Mwaka 1912, uasi wa Ndungutse ulizimwa kwa jeshi la Wajerumani likishirikiana na watu wa Mwami, na Ndungutse akauawa.

Shaba iliyoanguka, nyumba iliyobaki

Vita vilipoanza Agosti 1914 Kandt alikuwa likizoni Ujerumani. Hakurudi tena. Aliingia jeshini kama daktari, akaathiriwa na gesi ya sumu katika uwanja wa vita wa mashariki ya Ulaya, na akafariki tarehe 29 Aprili 1918 katika hospitali ya kijeshi mjini Nuremberg, akiwa na umri wa miaka 50. Alizikwa huko huko, katika makaburi ya Johannis. Kigali yake ilikuwa imekwisha kutekwa na Wabelgiji mwezi Mei 1916.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi kumbukumbu zinavyopanda na kushuka. Kabla ya vita, Wajerumani walikuwa wamesimamisha Dar es Salaam sanamu ya shaba ya Hermann von Wissmann, aliyezima upinzani wa pwani, akiwa juu na askari Mwafrika chini yake. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliiondoa. Ilipelekwa Hamburg, ikasimamishwa tena, na mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha. Katika mji wa Dar es Salaam, anayejulikana sasa ni Askari wa shaba aliyewekwa mwaka 1927, ambaye kila dereva wa lori anayefika katikati ya jiji amewahi kumwona. Wissmann wa Dar es Salaam amebaki kwenye picha tu.

Ikulu za nyasi nazo hazipo. Musinga, ambaye kamera zilimfuata kwa miaka mingi, aliondolewa na Wabelgiji Novemba 1931 kwa sababu hakuwatii, wala hakutaka kubatizwa. Walimhamishia Kamembe, juu kidogo ya mto ambao mkataba wa Brussels ulikuwa umeufanya mpaka. Mwaka 1940 wakamvusha hadi Moba, Kongo, kwenye mwambao wa Tanganyika, na huko akafia mwaka 1944. Huko Rukari, Nyanza, nyumba ya kifalme ya nyasi imejengwa upya na kufunguliwa kama makumbusho, pamoja na vijumba vya maziwa na pombe na ng'ombe wa Inyambo wenye pembe ndefu. Anayeingia humo akiwa na picha za 1907 mkononi anaweza kulinganisha msuko wa paa kwa paa.

Nyumba ya Kandt ya Nyarugenge ilikuwa na bahati zaidi. Kwa miaka kadhaa ilikuwa makumbusho ya maumbile, na mwaka 2017 ikapewa sura mpya kama makumbusho ya historia ya enzi ya Wajerumani. Ndani yake zimetundikwa picha za zamani za Rwanda: maisha kabla ya ukoloni, watawala waliokuja, na Kigali ilipokuwa na majengo machache juu ya kilima kimoja. Wanafunzi hupita wakizitazama, mara nyingi wakitafuta kwanza wapi pangekuwa nyumbani kwao.

Kwa mfanyabiashara wa Nzahaha aliyekwenda Kigali kufuata mzigo, makumbusho hayo si mbali na maduka ya mjini. Atakaposimama mbele ya picha hizo, zipo za kuangaliwa mara mbili: wakuu waliojipanga, na pembeni yao watu waliobeba masanduku. Wale waliobeba ndio waliotembea njia zote, kutoka pwani hadi Kivu, na ndio walioiweka kamera mahali pake.